Kitabu cha buku tatu: Vasari, Cellini na umbea wa mafundi wa Florence (uzi mrefu kidogo)

#1 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikuwa Posta nasubiri mvua ikatike, nikajibanza kwa jamaa mmoja anayepanga vitabu vya mitumba juu ya turubai. Vingi ni vile vile vya siku zote: uhasibu wa zamani, riwaya za kijasusi zilizochanika, miongozo ya mitihani ya mitaala iliyokufa. Katikati nikaona kimoja hakina jalada la mbele, karatasi za njano, kinanuka kabati. Nikafungua tu popote. Nikakutana na mchoraji aliyetoroka kazi ya kanisa kwa sababu kachoka kulishwa jibini.

Nikanunua. Buku tatu, na jamaa aligoma kushuka hata mia tano.

Nyumbani nikagundua ni vipande vya kile kitabu cha Giorgio Vasari cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo. Kilipigwa chapa Florence mwaka 1550, halafu 1568 akakitoa upya kikiwa kinene zaidi, na sura za wasanii zimechorwa kwa kuchonga mbao. Vasari ni mtu wa Arezzo, kazaliwa 1511. Hakuwa profesa. Alikuwa mchoraji na msanifu majengo mwenye kazi nyingi mezani. Jengo la Uffizi, ambalo leo ni makumbusho, yeye ndiye alilisanifu, na lilikuwa la ofisi za serikali (jina lenyewe maana yake ofisi). Kwa hiyo ni fundi anaandika habari za mafundi wenzake. Wengine aliwajua kwa sura, wengine walikufa karibu miaka 200 kabla yake.

Nilikuwa naamini historia ya sanaa ya Ulaya ni mambo ya watu wenye sebule kubwa. Kumbe ni kijiwe cha mafundi.

Mchoraji wa jibini ni Paolo Uccello. Alipewa kazi San Miniato, juu ya kilima nje kidogo ya mji. Abati (mkuu wa watawa) wa pale akawa anampa supu ya jibini, mikate ya jibini, jibini tupu. Paolo alikuwa mtu wa aibu, hakulalamika. Siku moja akaacha tu kwenda. Ikawa akiona watawa wa shirika lile njiani anatimua mbio. Wawili vijana, wenye pumzi kuliko yeye, wakamkamata na kumuuliza kulikoni. Akawaambia ameshajaa jibini mwilini kiasi kwamba hata maseremala anawaogopa, wasije wakamgeuza gundi. Abati alipopelekewa habari alicheka, akamrudisha kazini na kubadilisha chakula.

Lakini kilichoniteka ni kisa cha mayai. Donatello alichonga Kristo msalabani kwa mbao, akajiona kamaliza. Akamwita rafiki yake Filippo Brunelleschi, ndiye huyu aliyekuja kujenga kuba la kanisa kuu la Florence, amwambie ukweli. Brunelleschi akamwambia: umemtundika mkulima msalabani. Donatello akaumia, akamjibu, basi chukua mti uchonge wako. Brunelleschi hakusema kitu. Akarudi kwake, akachonga kimya kimya miezi mingi, akautundika ukutani, akanyamaza. Asubuhi moja akamwalika Donatello chakula cha mchana. Wakapita sokoni, akanunua mayai, jibini na vingine, akamkabidhi: tangulia, nakuja. Donatello akaingia kakunja aproni imejaa mayai. Akainua macho. Mikono ikalegea yenyewe, aproni ikafunguka, vyote chini. Brunelleschi akaingia nyuma yake anacheka: sasa leo tunakula nini? Donatello akasema yeye kashapata sehemu yake, kama kuna anayetaka yake aokote. Na kwamba mwenzake kajaliwa kuchonga Kristo, yeye kajaliwa wakulima.

Misalaba yote miwili ipo mpaka leo. Wa Donatello uko Santa Croce, wa Brunelleschi uko Santa Maria Novella. Fungueni picha zake kwenye simu mziweke sambamba. Mimi, kusema ukweli, namchukua mkulima.

Nina mengine. Kama kuna wasomaji nitaendelea.

#2 Ngoja Waje

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Usije ukatuacha kwenye mataa kama wale wa "itaendelea kesho" halafu kesho yenyewe ni mwakani.

#3 Randa na Msumeno

Mkuu, hilo la gundi ya jibini siyo utani. Mimi ni seremala na niliwahi kulifuatilia. Kuna kitabu cha nyuma zaidi ya huyo Vasari, cha Cennino Cennini, kimeandikwa karibu na mwaka 1400. Siyo visa, ni mwongozo wa kazi: jinsi ya kusaga rangi, kupiga lipu, kubandika dhahabu, kuandaa ubao. Humo ipo gundi ya jibini na chokaa. Unaloweka jibini kwenye maji, unaliponda pamoja na chokaa kidogo, unapaka katikati ya mbao mbili, unazibana. Kinachoshika ni ile protini ya maziwa ikikutana na chokaa. Kwa hiyo Uccello aliposema anaogopa maseremala alikuwa anawatania kwa kitu walichokijua vizuri.

Na humo humo kuna habari ya kuku. Zama hizo walikoroga rangi kwa kiini cha yai. Cennini anasema ukichora uso wa kijana tumia kiini cha yai la kuku wa mjini, maana kimepauka. Ukichora mzee au mtu aliyekolea rangi tumia la kuku wa shamba, kiini chake ni chekundu. Nilimsomea mama watoto akaniangalia tu. "Kuku wa kisasa na kuku wa kienyeji. Na hilo nalo wameliandikia kitabu?"

#4 Binti Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Visa vitamu wallahi, lakini nina suala. Hayo mayai ya Donatello yalivunjika miaka mia kabla ya huyo bwana kuzaliwa. Chumbani walikuwa watu wawili. Nani alimhadithia?

#5 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Dada Mvita umenigusa pale pale. Ndipo uzi wenyewe ulipo.

Katika kurasa nilizonazo kuna mauaji. Andrea del Castagno, mchoraji wa Florence, mtu wa hasira, anafanya kazi jengo moja na Domenico Veneziano, mgeni aliyekuja na siri ya kuchora kwa rangi ya mafuta. Andrea anajifanya rafiki mpaka anafundishwa siri. Akishaipata, wivu unamzidi. Domenico alikuwa mpenda muziki. Jioni moja ya kiangazi akachukua zeze lake akatoka, akamwacha Andrea chumbani anachora, kakataa kwenda naye. Andrea akazunguka njia nyingine, akamvizia kwenye kona, akampiga kwa vipande vya risasi, zeze likavunjika na tumbo pia, kisha kichwa. Halafu akarudi chumbani, akafunga mlango, akaendelea na mchoro wake pale pale alipoishia. Watu walipokuja kumgongea akakimbia analia, ndugu yangu, ndugu yangu. Domenico akafia mikononi mwake. Eti Andrea mwenyewe alikuja kuungama siku ya kufa.

Nilisoma hiyo kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Sasa sikiliza. Karne ya 19 wakapekua hati za Florence, hasa jamaa anaitwa Gaetano Milanesi. Andrea alikufa Agosti 1457 kwa tauni. Domenico, aliyeuawa, alikufa 1461. Marehemu kamzidi muuaji wake miaka minne.

Karibu miaka 300 Andrea del Castagno alikuwa anasomwa kama muuaji, na kitabu ni hiki hiki. Vasari hakukitunga kisa chote, kilikuwa kimeshazunguka mjini kabla yake. Yeye alikipa zeze, kona na kilio. Na hata ile siri iliyodaiwa kuua mtu haikuwa siri. Vasari anasema rangi ya mafuta iligunduliwa na mchoraji Jan van Eyck huko Flanders (Ubelgiji ya leo), wakati mtawa aliyejiita Theophilus, kwenye karne ya 12, alishaandika namna ya kusaga rangi na mafuta ya mbegu za kitani.

Mfano mwingine, huu hauui mtu. Anaisifia Mona Lisa kwa aya nzima, mpaka nyusi, jinsi vinyweleo vinavyochomoza kwenye ngozi, hapa vingi, pale vichache. Tazama picha yenyewe uniambie hizo nyusi ziko wapi. Picha ilikuwa Ufaransa na Vasari hakuwahi kufika huko. Alisimuliwa.

Kwa hiyo dada, jibu: hakuna ajuaye nani alimhadithia habari za mayai. Mimi nimeacha kumsoma kama ensaiklopidia. Namsoma kama mzee wa kijiweni anayemjua kila mtu, mwenye ndugu wa kumpendelea na jirani wa kumsema. Florence kwake ni kitovu cha dunia. Mgeni kutoka Venice akija na ujuzi mpya, lazima pawe na kisa cha damu. Uongo wa namna hiyo unakuonyesha mji ulikuwa unaogopa nini.

#6 Hesabu Kwanza

Kwa hiyo umetoa buku tatu ukanunua uongo.

#7 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Buku tatu, na umetunzwa vizuri.

#8 Mti na Macho

Siwavunji moyo wakuu, lakini mnakesha na umbea wa Waitaliano waliokufa wakati Al-Inkishafi hamjaigusa. Magofu ya Pate yanawasubiri nyumbani, ninyi mko Florence. Haya mambo yanatuhusu nini?

#9 Binti Mvita

Mti na Macho, Inkishafi mie nilisomeshwa na nyanya kabla sijajua kuandika jina langu. Haijanizuia kusoma kingine. Yule mshairi anauliza wako wapi wenye zile nyumba za fahari zilizobaki popo na ndege. Huyu Vasari anakwambia nani alizichora kuta na alilipwa nini. Msomaji mmoja anavitosha vyote viwili.

#10 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Swali halali, na sitaki kulijibu kwa hotuba. Nina vitu viwili tu.

Cha kwanza, Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere aliitafsiri akiwa Ikulu, ikatoka 1969, na wengi humu tumeisoma. Kile kisa cha kukata ratili ya nyama ya mdaiwa Shakespeare hakukitunga. Kimo kwenye kitabu cha hadithi cha Kiitaliano, Il Pecorone, cha mtu wa Florence wa karne ya 14, kilichopigwa chapa 1558, wakati huo huo wa kina Vasari. Hadithi ya Kiitaliano, ikapita kwa Mwingereza, ikafika kwetu kwa Kiswahili cha Butiama. Tulishaanza kusoma vitabu hivi bila kujua.

Cha pili ni twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, bwana mkubwa wa Florence, zawadi, mojawapo twiga hai. Mji mzima ulitoka kumtazama. Hakuishi sana, ndani ya miezi michache alikufa. Wanasema shingo ilikwama kwenye boriti za banda. Miaka kama 70 baadaye Vasari akapewa kazi ya kuchora vyumba vya jumba la Palazzo Vecchio huko Florence, na kwenye chumba cha Lorenzo akamchora akipokea zile zawadi, twiga kasimama nyuma ya watu. Vasari hakuwahi kumwona huyo twiga, alikuwa hajazaliwa. Mimi nimetoka Arusha, twiga nimewaona kando ya barabara wanakula migunga. Nimeikuza ile picha kwenye simu muda mrefu. Nitasema hivi tu: shingo ipo.

#11 Ngoja Waje

"Shingo ipo" hahahaha. Mkuu umewahi kukagua sare za shule?

#12 Mjukuu wa Maktaba

Mleta uzi, na Michelangelo alisemaje kuhusu kitabu? Nasikia alikuwa hai bado.

#13 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Alikuwa hai, ana miaka 75, na Vasari alimweka kileleni, yaani sanaa yote kuanzia Cimabue, mchoraji wa kwanza kitabuni, ilikuwa inapanda ngazi ili imfikie yeye. Ungedhani mzee angefurahi. Miaka mitatu baadaye, 1553, mwanafunzi wake Ascanio Condivi akatoa kitabu chake cha maisha ya Michelangelo, na ukisoma unasikia kabisa sauti ya mzee mwenyewe nyuma ya pazia anarekebisha. Moja ya marekebisho: kwamba Domenico Ghirlandaio, aliyesemwa kuwa mwalimu wake, hakumsaidia lolote, alikuwa na wivu tu. Mzee alitaka ijulikane amejifundisha mwenyewe.

Vasari akanyamaza. Mzee akafariki 1564. Toleo la 1568 likaja, na humo Vasari, bila kumtaja Condivi kwa jina, anasema yuko mtu ameandika ambayo hayakuwa. Halafu anatoa risiti. Anasema amenakili mwenyewe kutoka kwenye daftari lililoko kwa warithi wa Ghirlandaio: tarehe 1 Aprili 1488, baba yake Michelangelo anamkabidhi kijana kwa Domenico na David Ghirlandaio kwa miaka mitatu, ajifunze kuchora, na atalipwa florini 24: sita mwaka wa kwanza, nane wa pili, kumi wa tatu.

Mtu yule yule aliyemsambazia Castagno kisa cha mauaji. Akitaka ushahidi anajua ulipo.

Ila kurasa zangu za mwisho zimechanwa, Michelangelo wangu hafi. Nimemaliza sehemu hiyo kwenye simu. Tafsiri ya Kiingereza ya Gaston de Vere, iliyoanza kutoka 1912, majuzuu 10, iko bure mtandaoni kwenye Project Gutenberg kwa sababu hakimiliki yake imeshakwisha. Faili la maandishi tupu la juzuu moja ni dogo, halimalizi bando. Kiingereza chake kina sentensi ndefu kama foleni ya Mbagala, lakini maneno si magumu. Usianze mwanzo. Dibaji inaua. Anza na Uccello, au Piero di Cosimo, yule aliyekuwa anachemsha mayai 50 kwa mkupuo pamoja na gundi yake ili asipoteze moto, anakula kidogo kidogo akiwa anachora.

#14 Mjukuu wa Maktaba

Asante kiongozi, nimeshusha juzuu mbili. Hao watu na mayai lakini!

#15 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Wakuu, nilitaka kuufunga uzi lakini nimepata adui wa Vasari, siwezi kuwanyima.

Benvenuto Cellini, mfua dhahabu na mchongaji, Florence hiyo hiyo. Alianza kueleza maisha yake 1558, kwa sehemu anamsimulia kijana wa miaka 14 anaandika huku yeye mikono iko kazini. Hakikupigwa chapa mpaka 1728. Huyu ni mtu hatari. Ameua, na anakueleza alivyoua kama mtu anayesimulia alivyopanda basi. Lakini kwa kusimulia sijaona.

Vasari kwake anaitwa Giorgetto, "kajoji". Anasema alimpokea kwake Roma, akamlisha, na shukrani yake ikawa kumchongea kwa watawala. Halafu anaongeza, bila kuombwa, kwamba Vasari alikuwa na upele mkavu, anajikuna muda wote, hakati kucha. Usiku mmoja kalala kitanda kimoja na kijana wa karakana, akidhani anajikuna mguu wake akamchuna kijana wa watu ngozi ya mguu. Kijana aliamka anataka kuua.

Fikiria umeandika kitabu cha kutukuza mafundi wote wa nchi yako, na wewe mwenyewe unakumbukwa kwa hilo.

Kilele ni kumimina sanamu ya Perseus, shujaa kashika kichwa cha Medusa, shaba nyeusi, kwa amri ya mtawala Cosimo. Tanuru linawaka kwa nguvu mpaka paa la karakana linashika moto. Upande wa bustani upepo na mvua vinaingia, vinapoza tanuru. Cellini anapandwa na homa, anawaachia mafundi kazi, anapanda kitandani akiamini hafiki asubuhi. Mara mtu kaingia chumbani, kapinda kama herufi S, kwa sauti ya anayemsindikiza mtu wa kunyongwa: Benvenuto, kazi yako imeharibika. Anaruka, anavaa, anapiga mateke kila anayemkuta njiani. Anakuta shaba imeganda tanurini kama keki. Anaagiza kuni za mwaloni mkavu kwa jirani mchinja nyama, moto unarudi, wengine wako juu ya paa, wengine wanaziba mvua kwa mbao na mazulia. Anatupia bonge la bati tanurini. Shaba inaanza kulegea. Ghafla mlipuko, mwanga kama radi, mfuniko wa tanuru umepasuka, shaba inamwagika. Anafungua njia za kwenda kwenye kalibu, lakini inatambaa, haikimbii. Basi anaamuru vyombo vyote vya bati vya nyumbani viletwe, masahani, mabakuli, karibu 200, anavitupia kimoja kimoja. Kalibu inajaa. Anapiga magoti, kisha anakula na kunywa na vijana wake, anaenda kulala, na homa haipo.

Kuna fundi wa kuyeyusha humu? Nataka kujua kama huyu naye ni Vasari mwingine.

#16 Kalibu ya Gerezani

Nipo. Huwa nasoma tu, leo umenitoa.

Mimi nayeyusha aluminiamu, pistoni chakavu na sufuria zilizotoboka, namimina sufuria mpya kwenye kalibu za mchanga. Aluminiamu inayeyuka nyuzi 660, ni mtoto mdogo. Shaba tupu ni 1,085. Bati (lile la kulehemea, siyo la kuezekea) ni 232. Ukichanganya shaba na bati, mchanganyiko unayeyuka chini ya shaba peke yake. Kwa hiyo mzigo ukianza kukugandia na moto umekushinda, kuongeza bati ni sawasawa kabisa: unaurudisha kwenye uji, na unautia wepesi wa kukimbia mpaka pembe za kalibu. Sahani za zamani zilikuwa bati karibu tupu. Hajafanya uchawi.

Mvua nayo ni kweli. Na kupoza ni nusu ya tatizo. Maji yakinaswa chini ya chuma cha moto yanageuka mvuke kwa mpigo, mzigo wote unaruka. Kijana wangu mmoja ana kovu shavuni kwa tone moja la maji lililobaki kwenye kijiko cha kuchotea. Tone moja.

Na kule kuganda alikokuta ni kosa la waliobaki, siyo bahati mbaya. Ukimwachia mtu moto, ukageuka, yeye anageuka na simu.

Kuna kitu nakitafuta kwenye hayo maelezo yako, sijakiona. Sanamu ilitoka nzima?

#17 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Karibu nzima. Alipovunja kalibu akaanzia kichwa cha Medusa, kimetoka. Akashuka na Perseus, mzima. Mguu wa kulia, vidole havikujaa, na sehemu ndogo juu yake. Anasema alifurahi, maana kabla ya kumimina alimwambia Cosimo mguu huo hautajaa. Akaja akautengeneza.

#18 Kalibu ya Gerezani

Basi alikuwepo. Mwongo angekwambia imetoka nzima. Sehemu ya mbali na unapomiminia ndiyo inayofikiwa mwisho, chuma kimeshapoa, hata mimi vishikio vya sufuria ndivyo vinavyonikimbia. Mengine, homa na mtu wa herufi S, mimi simo. Vidole naviamini.

#19 Mti na Macho

Nimerudi. Sijasema nimekubali. Ila hicho cha Cellini kinapatikanaje?

#20 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Karibu ndugu. Tafsiri ya John Addington Symonds, ya 1888, nayo ni bure pale pale Gutenberg. Sehemu ya kumimina iko mbali sana kuelekea mwisho, tafuta neno Perseus kwenye faili. Ukimaliza nenda kwa picha: sanamu yenyewe iko nje, Loggia dei Lanzi, kwenye uwanja wa Signoria, tangu 1554. Watu wanapita wanakula aiskrimu chini yake.

#21 Binti Mvita

Na huyo Vasari alimwandika vipi Cellini kwenye kitabu chake? Alilipiza?

#22 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Dada, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kamsifu. Kwa kifupi sana, kwa adabu, akasema hatamweleza kwa urefu kwa kuwa mwenyewe ameshaandika habari zake kwa ufasaha kuliko atakavyoweza yeye. Akapita zake.

#23 Binti Mvita

Lo! Hiyo ndiyo kucha ya pili.

#24 Kalibu ya Gerezani

Taarifa fupi. Leo mchana mashine ya kupuliza ilikatiwa umeme, tukakaa. Nikawasomea vijana ile sehemu ya Perseus kwenye simu, natafsiri kadiri ninavyoweza. Walikaa kimya mpaka kwenye zile sahani 200. Mmoja akauliza, alilipwa? Nikatafuta mbele. Cellini alitaja sarafu za dhahabu elfu kumi, wakamkadiria 3,500, na hizo kwa mafungu, mia kwa mwezi, zikashuka hamsini, zikashuka ishirini na tano, nyingine anadai mpaka anaandika. Wakaguna wote.

Mdogo wao, ana wiki tatu tu kazini, yeye kaulizia sahani. Waliokuwa wanakula humo nyumbani walikula kwenye nini kesho yake?

Nimeipata na hiyo. Wakaenda kununua vyombo vya udongo, wakala pamoja.